Barua Moja, Sirra Wawili

"Ni yako," nilimwambia somo wangu, nikaisukuma ile bahasha kwa kidole kama mtu anavyomsukuma nge.

"Yangu kwa lipi? Sirra Badjie humu ni mimi peke yangu?" Akairudisha kwangu kwa ncha ya kitenge, asiiguse. "Wewe ndiwe mkubwa. Cha mkubwa mdogo hakigusi."

"Leo ndiyo umejua mimi mkubwa. Jana kwenye sufuria ya samaki hukujua."

Hakucheka. Sinia la karanga tulizokuwa tukimenya lilikuwa kati yetu, na kuku walikuwa wakidonoa bila kufukuzwa.

Yeye ni binti wa kaka yangu, akapewa jina langu. Kisha akaja kuolewa humu humu kwa Colley, ukoo wa mume wangu, kwa mtoto wa shemeji yangu, na ua mmoja ukawa na Sirra Badjie wawili, mlango kwa mlango. Miaka ishirini tulilifanyia mzaha. Mgeni akiita Sirra tunaitika sote, na tukimwona amekuja kuazima kitu haitiki mtu.

Lakini kitinda mimba wangu Landing na kifungua mimba wake Malang waliondoka pamoja kwa njia ya jangwa, kuitafuta bahari na ng'ambo yake. Sauti zao tulizisikia kwenye simu wiki tisa nyuma, wakisema mashua imepatikana. Tangu hapo kimya. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tumewashonea kitambaa ndani ya suruali, somo akiandika kwa sababu yeye kasoma, mimi nikishona: Sirra Badjie, kwa Colley, nyuma ya msikiti wa kijani, kwa mkono wa Dembo Ngum, Sanduku la Posta 61, Brikama. Jina la mtoto hatukuliweka. Kwetu jina la aliye hai halishonwi kwenye nguo, ni kumkaribishia sanda. Vitambaa viwili, maneno yale yale. Tulijiona tuna akili.

Na sasa maneno yale yamerudi juu ya bahasha ya kahawia, yamepigwa kwa mashine, na muhuri wa nchi ya watu.

Aliyeileta alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, macho chini. Huyo ndiye Dembo Ngum. Nchi yetu hii ni nyembamba, ukipiga chafya mtoni, jirani wa Senegal anakuombea afya, lakini nyumba zake hazina namba. Waliwahi kuja vijana na rangi nyekundu wakatuandikia namba ukutani. Tukadhani ni za kubomolewa, tukazisugua kwa mchanga, na yangu ililambwa na mbuzi, akazaa mapacha watatu. Kwa hiyo mtu hupatikana kwa jina la mwenye ua, na barua hupatikana kwa Dembo.

Alikuja Brikama kutengeneza baiskeli, akakodi sanduku posta ili aletewe vipuri. Jirani wa kwanza akaomba barua ya mumewe ipitie humo, wa pili akaomba, na baada ya miaka kumi mtaa mzima uliishi ndani ya tundu lile. Ufunguo alivaa shingoni pamoja na hirizi. Hajui kusoma hata herufi moja, majina husomewa na karani wa posta. Alikuwa anainusa barua, anaipima kwa kiganja, anakwambia mume wako kanenepa. Yeye Mserer na mimi Mjola, ni mtani wangu, kwa hiyo nilimwita mtumwa wangu na yeye aliniita mlafi wa mawese, na barua yangu haikunifikia bila matusi.

Barua njema aliipigia kengele tangu kona ya msikiti. Barua mbaya alishuka, akatembea akiisukuma baiskeli, kimya, kwa heshima ya mfiwa. Mtaa ukajifunza. Siku moja mnyororo ulimkatikia, akawa anasukuma tu kwenda nyumbani, na kabla hajafika wanawake saba walikuwa wamezirai na wazee wamechimba kaburi hadi kiunoni. Ilibidi wamzike humo jogoo, wasiliache wazi.

Asubuhi hii mnyororo ulikuwa mzima. Tulimwona anakuja kwa miguu, mkono mmoja juu ya tandiko. Milango ya jirani ilifungwa mmoja baada ya mwingine, nami niliihesabu, nikiomba apinde mahali. Hakupinda.

Somo akamuuliza kama barua ilikuwa moja tu. Dembo alisema ni moja kwa nyumba hii. Basi ni mmoja, nikawaza, na moyo wangu ulikwishamchagua ni nani. Sitaficha. Niliuona uso wa Malang, niliyemuogesha siku ya saba ya kuzaliwa kwake, nikamsukuma kama nilivyoisukuma ile bahasha.

"Ifungue," nikasema. "Wewe unajua kusoma."

"Ndiyo maana siifungui. Nikisoma nitakuwa nimemuua mmoja kwa mdomo wangu."

"Dembo, mtumwa wangu, sema basi. Inanukaje?"

Nilingoja aniite mlafi. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Zimekuja mbili, mama Landing," alisema. "Ya pili ni ya alkalo, ina kitu kigumu ndani, kama picha. Nimemkuta, ameifungua mbele yangu. Akaniambia nitangulie, nisiseme."

Nikamuuliza kama ameiona picha. Akaangalia gurudumu la baiskeli yake. Hajawahi kuniita mama Landing maisha yake yote, na sikujua kama aliniita hivyo kwa kunihurumia au kwa kunipongeza. Alkalo, mkuu wa mtaa, hasemi msiba akiwa amesimama. Huingia bila hodi, hukaa ubavuni mwa mwenye msiba, na hapo ndipo watu hujua, kabla hajafungua kinywa.

Somo alikuwa amesogea akavuka sinia, karanga zikamwagika, akanishika kiganja kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa baridi kama samaki.

"Somo, nisikilize kabla hajafika," akasema. "Kama ni Landing, Malang ni wako, atakuita mama mpaka ufe. Na kama ni Malang, nawe uniapie kwamba Landing—"

Alkalo akaingia, na imamu nyuma yake, wote wamevua viatu langoni. Akapita kinu alichokalia Dembo. Akafika kwangu, akanipita, akakusanya kanzu yake, akaketi mkekani, ubavuni mwa somo.