Ukuta Nao Unavuta

Wanafunzi walimwita Msuguano, kwa jinsi alivyoburuta viatu koridoni, na mwenyewe alijua. Miaka ishirini na sita alifundisha fizikia katika chumba kilekile, na kila alipofika kanuni ya tatu ya mwendo alitumia msumari uleule alioupigilia mwenyewe ukutani, kando ya ubao. Mwalimu mkuu alishamwomba mara mbili aung'oe, usije ukachana mashati ya watu. Thubutu.

Nyumbani kwake kulikuwa na kikombe kimoja kinachotumika na vitano vilivyokaa kabatini. Mkewe alishafariki. Binti yake wa pekee aliacha chuo cha uhandisi mwaka wa pili, akaenda kujifunza ushonaji, na baba mtu akamwambia pale mlangoni, "Usinitafute mpaka urudi darasani." Darasani binti hakurudi, lakini kumtafuta alimtafuta. Kila Jumapili jioni, kwa miaka mitatu, ujumbe uliingia kwenye simu: "Shikamoo baba. Uko salama?" Mzee anausoma, anaurudia, kisha anailaza simu kifudifudi mezani. Hajibu. Ungemuuliza, angekuambia yeye hagombani na mtu, kakaa zake kimya tu. Lakini Jumapili jioni usingemtoa ndani hata kwa winchi.

Sasa Jumapili sita zilikuwa zimepita kavu. Ya kwanza alisingizia mtandao. Ya tatu aliizima simu akaiwasha tena. Ya sita aliishika mkononi mpaka chai ikapoa, na roho ikamuuma kwelikweli, maana alianza kuelewa kwamba binti kachoka, na huyo akichoka hakuna mwingine duniani wa kumuuliza kama yuko salama.

Kesho yake akaingia darasani na mizani zake mbili za springi. Akazipachika kulabu kwa kulabu, moja akaitundika kwenye msumari, nyingine akampa msichana wa dawati la mbele, mbishi huyo, balaa.

"Vuta. Yako inasoma ngapi?"

"Nyutoni ishirini."

"Na ya ukutani?"

Msichana akachungulia. "Ishirini."

"Kwa hiyo ukuta unakuvuta kwa ngapi?"

"Ukuta hauvuti, mwalimu. Umekaa tu."

Hapo ndipo alipokuwa akipasubiri. Kila mwaka lazima mmoja aingie mtegoni, na kila mwaka mzee alifurahi kama vile ndiyo mara ya kwanza.

"Kama hauvuti, mizani zote mbili zingekufuata mpaka kwenye dawati lako. Huo unaosema umekaa tu unavuta sawasawa na wewe, kuelekea upande wake. Kasoro jasho."

Darasa likacheka. Msichana hakucheka. Akalegeza mkono polepole, macho kwenye mizani, mpaka zote zikasoma sifuri.

"Mimi nikiacha, nao unaacha," alisema. "Sasa mwalimu, mimi nikichoka kabisa, ukuta utaanza lini kuvuta wenyewe?"

Tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Na jibu lenyewe lilikuwa jepesi tu, la kidato cha kwanza.

"Hauanzi," alisema. "Ukuta hauanzi hata siku moja."

Akasimama na chaki mkononi, zoezi hakuandika. Akawaambia wafungue vitabu wasome wenyewe, akatoka nje akavuta mlango. Koridoni akaitafuta namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka mitatu. Iliita muda mrefu.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Swali hilo lilimkata maini. Namba yake ilikuwa imeshafutwa.

"Ni mimi," alisema. "Baba yako."

Upande wa pili cherehani ilikuwa ikikimbia. Ikasimama.

"Usikate, mwanangu. Sipigi kwa mambo ya chuo. Nilitaka kukuuliza kama uko salama."

 Binti hakukata. Kengele ya mapumziko ikalia, wanafunzi wakamiminika wakimpita kulia na kushoto, na Msuguano akabaki amesimama katikati ya korido, simu sikioni, akimsikiliza mwanawe akipumua.