Nilivyoharibu scene ya mwisho ya part two kule Mofu, mama mwenye shamba akaiokoa bila kujua

Wakuu, heshima kwenu wote.

Anayetaka chai akachemshe kwake, huu uzi ni mambo yaliyonikuta mimi mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mpiga picha za harusi na kipaimara hapa Ifakara. Miaka kadhaa nyuma mimi na washikaji zangu tulitengeneza filamu ya mapenzi yenye mambo ya ajabu. Fundi baiskeli anampenda mwanamke aliyetoka mtoni. Wanaishi vizuri, kisha siku moja maji yanamwita mwanamke, anaingia mtoni pale Kivukoni na harudi. Mwisho.

Fundi alikuwa binamu yangu Gervas. Mwanamke wa mtoni alikuwa Fides, binti wa Mofu, mkulima wa mpunga. Hajasomea uigizaji popote, ila akitazama kamera hata wewe uliyeishika unasahau ulichokuja kufanya.

Watu waliipenda na wakakasirika hapohapo. Sokoni muuza dagaa alinigomea kuniuzia mpaka nimwambie yule dada anarudi lini.

Lakini aliyeniumiza ni mama yake Fides. Tulipoionyesha Mofu, Fides alipoingia majini mama alinyanyuka akatoka nje. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mumewe aliondoka na mtumbwi asubuhi moja na mto haukumrudisha. Na mimi nimekuja kumwonyesha mwanae akiingia kwenye mto uleule.

Nilijisikia vibaya sana wakuu. Nikaapa part two itatengenezwa, na Fides lazima atoke majini.

Nikapanga kushuti mpunga ukiwa umesimama, maana bonde linapendeza mno kwenye kamera wakati ule. Mimi mtoto wa mjini nikasahau jambo ambalo kila mkulima analijua. Mpunga ukiingia maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege nao wanaingia. Watu wanahamia mashambani kuamia ndege, yaani wanashinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, kutwa nzima wakipiga kelele na makombeo ili wasiliwe mazao. Fides na mama yake walikuwa huko.

Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si wewe uliyemzamisha mwanangu?"

"Ni mimi mama. Nimekuja kumtoa."

Akaelekeza kombeo lake shambani. "Na ndege je? Wakila mpunga wangu, nitakula sinema?"

Nikamwahidi kwamba tutaamia sisi, na hakuna suke litakaloguswa. Lile shamba ndilo chakula chao cha mwaka mzima, kwa hiyo ahadi haikuwa ndogo. Akakubali, ila alisema atabaki palepale akituangalia.

Tukahamia Mofu na makombeo na madebe. Mimi nilileta kanda zangu za zamani za video za harusi, tukazivuta utepe na kuzifunga kwenye miti kutoka jaruba moja la mpunga hadi jingine. Upepo ukipita zinavuma na kumeta, ndege wanaogopa. (Kama nilishuti harusi yako zama zile na hukuja kuchukua kopi, fahamu kwamba ndoa yako imefukuza ndege Mofu. Usinitafute.)

Tulikwenda hivyo siku kadhaa, tunaamia kwa zamu na kushuti kwa zamu. Gervas alipata malengelenge viganjani akaanza kuongea na mama kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

Ikafika siku ya scene ya mwisho. Gervas asimame kando ya maji, mkewe aibuke kichwa, Gervas anong'one jina lake, naye atoke. Ni kidimbwi tu nyuma ya shamba, mto wenyewe una mamba hatuutanii. Nilihitaji ukimya na mikono mingi. Mmoja ashike mikrofoni, wengine wazuie ng'ombe wasipite.

Nikawaita wote. Nikasema ni dakika chache tu. Shambani hakubaki mlinzi wetu hata mmoja, na hilo ni kosa langu peke yangu.

Fides akaibuka. Gervas akafungua mdomo.

"Hoooo! Hoooooi!"

Ndege walikuwa wameshuka kwenye jaruba la mwisho. Mama alikuwa anakimbia juu ya tuta, kanga imeanguka, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Fides akageuza uso kumtazama mama yake, akatoka majini mbio. Sote tukakimbia.

Kona nzima ya jaruba ilikwisha, masuke yamebaki maganda. Nilipiga magoti kwenye tope nikaomba msamaha. Mama akasema, "Inuka. Upande ule bado wapo."

Hakusema lingine. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana angetufukuza na angekuwa na haki.

Sikuwa na uso wa kuomba turudie scene. Tuliamia mpaka mpunga ukakomaa, tukasaidia kuvuna, tukarudi Ifakara.

Kwenye kuediti nikakuta ile kelele imeingia yote. Tukajaribu kurekodi sauti upya chumbani, madirisha yamefunikwa mablanketi, Gervas akasikika kama anasoma matangazo kanisani. Nikiiondoa kelele, uso wa Fides pale anapogeuka unakuwa hauna maana. Nikiirudisha, nywele zinanisimama.

Nikakata mnong'ono wa Gervas. Nikarudi Mofu, nikamwomba mama ruhusa, nikamshuti uso tu na anga nyuma yake akiita vilevile. Kwenye filamu sasa mama ndiye anayemwita mwanae, na maji yanamwachia. Gervas alininunia wiki nzima, eti nimemnyang'anya mke.

Tuliionyesha kulekule bondeni, kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa, madirisha tumeziba kwa maturubai. Watu wa Mofu na Idete walikuja na baiskeli. Mimi nilisimama mlangoni, tayari kukimbia.

Ile kelele ilipoanza, mama mmoja mstari wa mbele akaitikia, "Hoooooi!" Mstari wake ukadaka, kisha ukumbi mzima. Mle ndani hakuna ambaye hajawahi kuamia ndege. Fides alitoka majini katikati ya kelele hizo na watu wakasimama.

Mama yake safari hii hakutoka nje. Alikuwa amemshika Fides mkono, Fides mzima kabisa kando yake, lakini macho yake yako kwenye picha. Fides wa kwenye picha alipokanyaga nchi kavu, mama akasema polepole, "Ametoka."

Nililia wakuu, sifichi.

(Walioniuliza nilitumia programu gani kufanya mpunga umetamete, ni zile kanda za harusi.)

Nilichojifunza ni kwamba watu wanakubeba hata ukiwa umewaharibia, basi na wewe usiondoke na picha yako tu. Kila msimu mama hunipigia: "Wewe mtu wa picha, ndege wamefika." Nakwenda, kamera naiacha nyumbani. Ile kona ya jaruba ndiyo zamu yangu.

Haya, nawe uliyewahi kusamehewa bila kuhubiriwa, shuka hapo chini utusimulie. Nitachelewa kujibu. Niko juu ya dungu, na mama ananitazama.