Nimekataa Kumwomba Radhi Mshona Kanzu

Wewe unayeniandikia barua hii na kuisoma nyumba kwa nyumba, lifiche jina langu. Si kwa ajili yangu. Anayenijua mimi atamjua na mtoto ninayemficha.

Mama zangu na dada zangu, mimi ni mjane, umri wangu wapata miaka arobaini na mbili, naishi hapa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Kazi yangu ni ukungwi. Wasichana wakivunja ungo, mama zao huniletea niwafunde, nao huniita somo. Nilijiona naijua kazi yangu mpaka mwaka huu.

Nilikuwa na mwari mmoja ndani, msichana mpole, hasemi ila akiulizwa. Siku ya nne nikawa namweleza kwamba mwili wake ni amana, mtu hana ruhusa ya kuuchezea. Akainama, akalia. Nikadhani ni haya. Kumbe sivyo. Akaniambia, "Somo, mbona maneno haya mnayaleta leo? Mngeniambia nilipokuwa na miaka minane."

Nikamwacha aseme. Kila Idi ikikaribia, mama yake alikuwa akimtuma peke yake kwa fundi mshona kanzu akapimwe nguo. Mnamjua mtu wa namna hiyo: safu ya mbele msikitini, watoto wote humwita baba. Alikuwa akifunga mlango, akamshika pasipostahili kwa kisingizio cha kumpima, kisha akampa halua na kumwambia, "Hii siri yetu. Ukisema, mama yako atakupiga." Ikawa hivyo Idi tatu. Mara moja mtoto alijaribu: "Mama, sitaki kwenda kwa fundi." Mama akamjibu, "Acha ukaidi. Mkubwa akikwambia jambo, mtii." Hapo ndipo nilipochomwa, maana hata mimi nimewaambia watoto neno hilohilo miaka yote.

Kwa ruhusa yake nilizungumza na mama yake. Alimwamini mwanawe, akamkumbatia, na kwa hilo namshukuru. Lakini akanishika mkono, "Dada, nakusihi, lisitoke nje. Nani atamwoa?" Nikaapa kwamba sitalitaja jina la mtoto.

Jina niliapa. Kunyamaza sikuapa.

Nikawaita watoto wa mtaa, wa kike na wa kiume, wa miaka sita hadi kumi, waje ukumbini kwangu na mama zao. Nikawaambia watoto, "Mtu mzima akikwambia fanya jambo na mama asijue, kimbia ukaseme. Hata akiwa mjomba. Hata nikiwa mimi." Nikawageukia mama zao, "Mtoto akisema hataki kwenda mahali, msimpige. Muulizeni kwa nini, mmsikilize mpaka amalize. Na nguo zipimwe barazani, mkiwa mnaona." Mama mmoja akainuka na mwanawe, akasema naharibu watoto kwa maneno ya wakubwa. Nikamwambia, "Ataharibiwa na nani basi, anayemwonya au asiyemwambia kitu?" Akaenda zake. Wengine wakabaki.

Hazikupita wiki tatu. Binti wa jirani yangu muuza samaki, miaka saba, alikuwa akipita mbele ya duka la fundi. Fundi akamwita aingie ndani apimwe. Mtoto akasimama mlangoni, akasema, "Mama amesema nipimwe barazani." Fundi akamvuta mkono. Mtoto akapiga kelele mpaka wapagazi waliokuwa wakipita wakatua mizigo yao. Fundi akamwachia, naye akakimbia mpaka kwa mama yake, akamweleza yote. Hakuguswa zaidi ya mkono ule. Mama yake alikuja kwangu, tukashikana tukalia.

Tangu siku hiyo hakuna mzazi anayempeleka mtoto pale peke yake. Fundi naye amenishtaki kwa liwali kwamba nimemvunjia heshima. Wazee wa mtaa wakaniita, na mkubwa wao akasema, "Bibi, mwombe radhi, yaishe. Kumvuta mtoto mkono ni kosa gani?"

Nikamjibu, "Shehe wangu, nikimwomba radhi yeye, watoto nitawaambia nini?"

"Basi ulete shahidi wa jambo zaidi ya mkono. La sivyo utatolewa mji huu, urudi kwa ndugu zako Mlingotini."

"Tutaonana kwa liwali," nikamwambia, nikatoka.

Habari zikamfikia yule mwari wangu. Juzi alikuja kwangu, hakuinama safari hii. "Somo, shahidi ni mimi. Nitakwenda kusema mwenyewe." Mama yake amekataa katakata. Amesema nikimpeleka, nitakuwa nimemuua mwanawe mbele ya watu.

Kuomba radhi siwaulizi. Sitaomba, hata vyombo vyangu vikitupwa nje. Ninalouliza ni hili: nimwache msichana aseme, kwa kuwa sauti ni yake, na mji umnyooshee kidole? Au nisimame peke yangu, nishindwe, na fundi aendelee kupima watoto? Nipeni shauri, mama zangu. Kesi yangu ni Alhamisi.

Na kama yumo kati yenu aliyepimwa ndani ya duka lile, yeye au mwanawe, asinitumie jibu. Aje siku hiyo, ajifunike uso akipenda, akae upande wangu.