Stempu ya Jumatano

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na nawakumbuka wote. Walisema sitarudi kutoka Ghuba, kwamba vijana wa kwetu Kibirichia wakishaonja mshahara wa huko husahau hata mlima uko upande gani. Nikarudi. Walisema stashahada ya ufundi wa majokofu ni karatasi ya kutundika sebuleni, kwamba mahali penye baridi kama kwetu hakuna mtu atakayelipia baridi nyingine. Leo bucha zote kutoka kwetu hadi Muthara friji zikikwama hunipigia simu mimi, na wenye maduka ya maziwa pia. Lakini jambo lililomchekesha kaka yangu mkubwa kuliko yote, mpaka akaweka kikombe cha chai chini asije akakimwaga, ni niliposema kwamba nitakuwa nikihesabu siku za mke wangu.

"Siku gani?" akauliza.

"Siku zake za mwezi."

"Wewe? Wewe uliyekuja kwenye harusi yako umechelewa saa mbili? Hutamaliza hata mwezi mmoja."

Nimemaliza mwezi, nimemaliza mwaka, na nasema bila aibu kwamba sijakutana na mwanamume mwingine hapa anayeijua hesabu hiyo kama mimi. Hata hivyo sikuanza kwa ushujaa. Nilianza kwa kuchelewa.

Mke wangu ni wa Kanja, upande wa Embu, na huko kwao mtu halalamiki ovyo. Nilipokuwa Ghuba, baada ya mtoto wetu wa pili kuacha kunyonya, hedhi yake ilibadilika. Ilikuwa ikikaa siku nane, siku tisa, nzito, yenye mabonge, na ikiisha inampa wiki mbili tu za kupumua kabla ya kurudi. Kwenye simu aliniambia, "Niko sawa, ni uchovu wa shamba." Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini. Siku moja wakipanda viazi aliinama kuweka mbegu kwenye mtaro na hakuinuka. Hospitalini mjini walimpima, damu yake ilikuwa tano. Mtu mzima wa kike anatakiwa kuwa na kumi na mbili.

Aliongezewa painti tatu siku hiyo na iliyofuata. Walioitoa walikuwa watu watatu: kaka yangu huyu wa kucheka, shemeji yangu aliyeondoka Kanja na gumboots zake za shambani, na mwenye bucha wa pale sokoni kwetu, Mwislamu mcheshi ambaye hata si jamaa yetu. Mimi nilipata habari nikiwa ndani ya ghala la kuku waliogandishwa, nimevaa jaketi nene. Nilikaa juu ya katoni nikalia, mimi ambaye sikuwa nimelia kwa miaka minne. Mkataba ulipoisha miezi miwili baadaye, sikuweka sahihi nyingine.

Nilipofika nilienda kwanza kwa mwenye bucha kumshukuru. Alikuwa akipasua mfupa.

"Mkeo anaendeleaje?" akaniuliza.

"Anaendelea. Nimekuja tuzungumze juu ya ile damu."

"Ile ni yake sasa. Ukimwona anapenda nyama kupita kiasi, usimlaumu." Akanifungia maini kwenye karatasi. "Mpikie na thabai, ile mboga ya majani yanayowasha."

Nilimwambia kwamba mimi sikai na kitu cha watu. Akanitazama juu ya ile karatasi kana kwamba nimesema jambo la kitoto, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Damu huwezi kumrudishia mtu mkononi. Unaweza kwenda kuitoa mahali inapohitajika, painti kwa painti, na mwanamume anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu. Painti tatu, basi. Nilianza mwezi uleule.

Lakini nirudi kwa mke wangu, kwa kuwa kurudisha damu ya watu kungekuwa kazi bure kama yake ingeendelea kumwagika. Daktari alimpiga picha ya tumbo, hakuona uvimbe wowote. Alisema ni homoni zilizopoteza mpangilio, na kwamba kuna njia za kupanga uzazi ambazo pia hupunguza damu ya mwezi. Tulikaa na sista wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye miwani, akamwekea mke wangu vitu mezani. Vidonge mke wangu aliwahi kuvijaribu, akavisahau. Sindano ya miezi mitatu ilimfanya avuje matone mfululizo. Koili ya kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi hakuitaka. Kisha akachukua kipande kimoja chembamba cha mraba, rangi ya ngozi iliyopauka.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kibandiko," sista akasema. "Unakibandika kwenye ngozi, dawa inaingia polepole. Kimoja kila wiki kwa wiki tatu. Wiki ya nne huweki kitu, na hapo ndipo siku zako zinakuja."

"Ni kama stempu," mke wangu akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Nipe hii."

Sista hakumpa papo hapo. Alimpima presha. Akamuuliza kama anavuta sigara, kama huumwa na kichwa cha upande mmoja kinachoanza na vimulimuli machoni, kama yeye au mtu wa kwao aliwahi kugandwa na damu mguuni. Alipotosheka, akamwandikia na vidonge vya madini ya chuma, akamwonya kwamba miezi miwili mitatu ya kwanza anaweza kuona matone yasiyo na ratiba na matiti kuuma, asiogope.

Tulichagua Jumatano. Mimi ndiye nilikuwa posta. Duka la dawa mjini liliagiza boksi kutoka Nairobi, nami nikaliweka ndani ya friji, pembeni ya maziwa, kwa kuwa mtu wa taaluma yangu anajua dawa huhifadhiwa vipi. Mke wangu akasoma karatasi ya ndani. "Imeandikwa visiwekwe kwenye friji, baba watoto." Nikavitoa. Hilo sikumwambia kaka yangu.

Kwenye kalenda ya duka la mbegu iliyo ukutani nilichora duara kila Jumatano ya kubandika, na mstari kila siku ya damu. Mwezi wa kwanza mistari ilikuwa imetawanyika kama viazi vilivyomwagika. Matone leo, kesho hakuna, keshokutwa tena. Mwezi wa pili vivyo hivyo, na aliniambia nisimkumbatie upande wa kifua. Mwezi wa tatu mistari ilijikusanya yenyewe ndani ya wiki ya nne. Ilikuwa mitano, na yeye mwenyewe aliniambia siku mbili za mwisho ni kama hazikuwepo. Nilisimama mbele ya kalenda ile kama mtu aliyeshinda tuzo.

Mama mkwe alikuja kutoka Kanja na njahi, yale maharagwe meusi, ndani ya kiondo, maana kwao mwanamke aliyepungukiwa na damu hulishwa njahi. Alipoona kile kibandiko kwenye mkono wa binti yake alimaliza kwanza chai yake.

"Baba," akaniambia kwa adabu, "ile damu ambayo sasa haitoki, inaenda wapi? Si itajaa ndani?"

Lilikuwa swali la haki, na watu wengi hufa nalo bila kuuliza. Nilimjibu kama sista alivyotujibu sisi: kwamba hakuna damu iliyofungiwa. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitengenezea utandu ndani, na utandu huo ndio hutoka. Dawa hufanya utandu ujengwe mwembamba, kwa hiyo cha kutoka ni kidogo.

"Kwa hiyo haijafungwa. Haijatengenezwa."

"Ndiyo, mama."

"Sawa," akasema, akamwongezea binti yake njahi.

Mwezi wa tano mambo yaliharibika. Kibandiko cha pili kilikuwa kimewekwa Jumatano, na Jumapili, kabla hatujatoka kwenda kanisani, mke wangu aliniita chumbani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni la Jumapili limeloa. Haikuwa matone. Ilikuwa damu ile ya zamani.

"Imerudi," akasema.

Jumatatu iliendelea. Jumanne uso wake ulikuwa na rangi ya majivu kidogo, au mimi ndiye niliyeiona hivyo, kwa sababu nilikuwa nikitafuta ule uso ambao sikuuona nilipokuwa mbali. Alitaka kwenda kukamua, nikamkataza. Nikachukua ndoo mwenyewe. Kaka yangu alikuwa amekuja kuazima pampu ya kunyunyizia dawa, akaegemea mlango wa zizi kunitazama nikihangaika.

"Huyu ng'ombe ameumia wapi?" akauliza.

"Hajaumia."

"Mbona ana plasta?"

Nikainua macho. Pale ubavuni, kwenye doa jeupe, kimeshikana na manyoya na tope kavu, palikuwa na kile kipande cha mraba. Kwetu upepo wa mlima hupasua ngozi, na watu wengi hujipaka yale mafuta mazito ya kukamulia, mwili mzima. Jumatano ile mke wangu alikuwa ametoka kuoga, amejipaka, nami nikabandika juu ya mafuta bila kufikiri. Jioni alienda kukamua. Huvua sweta, hukunja mikono ya blauzi hadi mabegani, na huegemeza bega kwenye ubavu wa ng'ombe. Stempu ikahama.

Na kwa nini hakujua? Kwa sababu nilikuwa nimemwambia, kwa maneno yangu mwenyewe, "Usijisumbue kuiangalia, mimi ndiye nasimamia." Nami msimamizi sikuwa nimeitazama tangu niibandike.

Kaka yangu alipoelewa, alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Kumbe ng'ombe naye amepanga uzazi! Dume la jirani likishindwa mwaka huu, tusilitukane." Mke wangu alisikia kicheko, akatoka amejifunga leso, akaona nilichokishika, naye akacheka mpaka akalazimika kukaa juu ya gogo. Mimi peke yangu sikucheka.

Nilimpigia sista simu.

"Mlibandika kwenye ngozi kavu?"

"Ngozi ilikuwa safi, sista."

"Nimeuliza kavu."

"Ilikuwa na mafuta."

"Haya. Dawa ilikatika ghafla, ndiyo maana damu ikaja. Mwenye mwili yuko wapi? Mpe simu."

Nikampa. Aliambiwa aanze upya na kibandiko kipya siku hiyohiyo, na kwa kuwa kile cha zamani kilitoka zaidi ya siku moja iliyopita, tutumie kondomu kwa wiki nzima. Kibandikwe mahali pasipopakwa mafuta, ikiwezekana juu ya kalio, mbali na ng'ombe. Na kila asubuhi akiguse mwenyewe kwa kidole. Damu ikizidi, au akihisi kizunguzungu, aende hospitali bila kungoja. Haikuzidi. Ilipungua Alhamisi. Siku ya kubandika ikawa Jumanne, nami nikachora maduara upya, ila yeye ndiye aliyeshika kalamu kuanzia hapo, nami nikashika kitambaa cha kukaushia ngozi. Nakausha vizuri kuliko mtu yeyote.

Miezi ikapita. Mistari minne, mistari mitatu. Painti ya kwanza nilikuwa nimeitoa kwa hesabu ya mwenye bucha, nikampelekea kadi ya mtoa damu aione; alisoma pande zote mbili, akaniuliza kama inauzwa. Ya pili ilikuwa ya shemeji, nikampigia picha kadi nikamtumia Kanja. Ya tatu ilikuwa ya kaka yangu, nayo ilichelewa kwa sababu mara mbili watu wa benki ya damu walikuja mjini nikiwa na mafua. Walipokuja tena, kwenye hema uwanjani, kaka alisisitiza kuandamana nasi.

"Nataka nione ukianguka," akasema.

Sikuanguka. Nilijaza mfuko upesi hata muuguzi akasifu mishipa yangu, na nilihakikisha kaka amesikia. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye meza ya kupimia, pale wanapodungwa kidole.

"Na mimi nipime," akamwambia kijana wa maabara.

Aliwaeleza kila kitu, kuongezewa damu, vidonge, kibandiko. Kijana akasema atampima, lakini kutoa ni jambo jingine. Akamdunga, akadondosha tone lake ndani ya chupa ya maji ya buluu. Damu pungufu huelea au huning'inia katikati. Tulitazama wote watatu, mimi nikiwa bado nimebana pamba kwa kidole pale nilipodungwa. Tone lilisimama kidogo, kisha likazama, moja kwa moja, mpaka chini.

"Iko sawa kabisa," kijana akasema. Ili kuhakikisha, akaipima tena kwa mashine: kumi na mbili na nukta nane. "Lakini mama, wewe hii ukae nayo. Usimpe mtu."

"Nikae nayo," mke wangu akarudia, taratibu, akiitazama ile chupa.

Nikamnyooshea kaka yangu kadi yangu ya tatu. Hakuipokea. Alikuwa amegeuka upande wa mlima, anapangusa pua kwa mkono wa koti, akisema vumbi la uwanja huu ni baya. Mke wangu akaja, akaondoa kidole changu juu ya pamba, akaweka chake, akakibana pale mkononi mpaka akaridhika kwamba damu haitoki tena.