Walivyofuta meneja wetu, gari la Buna likakwama getini

Wakuu, salaam kutoka Garissa. Siongezi chumvi, haya yenyewe yamenitosha.

Mimi ni mtu wa Nyeri, nililetwa huku na kampuni kubwa ya pampu za visima. Jina niachieni, bado nakula huko.

Mwaka jana HQ Nairobi wakatuambia sasa tunafanya kazi kwa mtindo wa agile. Wakaleta coach wa kutufundisha, kijana mpole, na vikaratasi vya rangi vya kuandika kila kazi na kubandika ukutani. Vyeo vya mameneja wa matawi vikafutwa. Sisi sasa ni squad, timu inajiamulia.

Nilifurahi jameni! Meneja wetu aliyeondolewa alikuwa mtu wa kelele.

Kiangazi kikakaza. Asubuhi moja Mama Halima, mwenyekiti wa kamati ya kisima kule Buna, akanipigia. Pampu imekufa. Ngamia wake na wa majirani wamesimama kwenye birika kavu la kunyweshea.

Nikamwambia, "Mama, leo leo tunatoka."

Pampu ya akiba ilikuwepo. Tukaipakia, dereva akawasha gari.

Mlinzi akakataa kufungua geti. Anataka sahihi ya meneja wa tawi.

Meneja gani? Si cheo kimefutwa! Kumbe sheria ya magari hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Nikapiga HQ. Watu wa usafiri wakanituma kwa coach. Coach, na upole wake ule ule, akasema, "Timu iamue."

Timu tukaamua gari litoke. Mlinzi akauliza, "Timu iko na sahihi?" Huyo simlaumu, gari likipotea ni yeye anafukuzwa.

Mwishowe HQ wakasema ombi letu litaingia sprint ijayo. Sprint, kwa wasioijua, ni kazi ya wiki mbili inayopangwa mapema.

Wiki mbili! Wakuu, kiu inangoja sprint?

Mama Halima alipiga, akapiga, halafu akaacha kupiga.

Ruhusa ilipotoka tulienda mbio mpaka Buna. Tukafunga pampu, maji yakaruka. Nikageuka nione watu wakishangilia.

Hakukuwa na watu. Wafugaji walishahama na mifugo. Mama Halima peke yake alibaki, kwa sababu ngamia wake hawakuweza tena kutembea. Mizoga ilikuwa nyuma ya birika.

Akanionyesha yale maji kwa kidole.

"Walaal, ndugu yangu, maji iko," akaniambia. "Ngamia iko wapi?"

Mtu mzima nililia mbele ya dereva wangu.

Tuliporudi, kwenye kikao cha video, kikaratasi cha Buna kilihamishwa upande wa kazi zilizokamilika. Watu wakapiga makofi.

Makofi, wakuu! Mpaka leo siamini.

Mabadiliko siyapingi. Lakini kabla hujamwondoa bosi, angalia kila kitu kilichokuwa kinamngoja yeye, umpe mtu mwingine mwenye jina na mamlaka.

Waliopitia hii agile kwenye kampuni kubwa, tupeni yenu hapa chini. Na msinifiche: ungekuwa wewe siku ile pale getini, ungengoja sahihi?