Visima Nilivyovaa Shingoni

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyocheza harusi ya mdogo wangu kule Luena nikiwa nimevaa visima themanini shingoni. Usicheke bado, nitakueleza.

Sikuwa nimefika miaka thelathini, nami nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya kuchimba visima hapa Kamina. Baba, mwalimu wa shule ya Wametodisti, alinisomesha hadi nikajua kupiga chapa kwa mashine, na kampuni iliponunua kompyuta yake ya kwanza, nilikabidhiwa mimi. Ee, nilijiona! Kila jioni niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na aliyeigusa bila kunawa mikono alinisikia.

Mkuu wa wachimbaji alikuwa Papa Ramazani, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, mpole, kofia yake nyeupe hata siku ya matope. Alikuwa na desturi yake. Kisima kikiisha, hakuna aliyepanda gari kurudi nyumbani kabla ya kukisema. Walikaa chini kuzunguka shimo, naye akataja: hapa udongo mwekundu, hapa mwamba, hapa maji, mabomba mangapi yameshuka, pampu imekaa wapi. Kisha kila mmoja alirudia kwa mdomo wake, hadi dereva, hadi mpishi. Aliyekosea walimcheka, wakaanza upya. Basi kisima kimoja kilikaa katika vichwa saba.

Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nikamwambia mbele za watu, nikijivunia kompyuta yangu, "Papa, sasa byote bitaandikwa mu ordinateri. Hii masimulizi ni ya zamani."

Akaniangalia kidogo. "Ni muzuri, mwana. Andika basi."

Na desturi ikafa hivyo hivyo. Wachimbaji wakawa wananiletea karatasi zao zenye matope na picha zao, nami naingiza kwenye mashine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu lilikuwa bado zima, kwa hiyo sikusikia kitu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Majina ya mafaili niliyatunga kwa raha zangu. Kijiji walikotupa jogoo, niliandika "Jogoo". Tulikonyeshewa, "Mvua". Mahali mzee mmoja aliponiposa, niliandika "Mchumba Asiye na Meno". Niliyaelewa peke yangu, na kusema kweli nilipenda iwe hivyo. Mtu akitaka habari ya kisima ilikuwa lazima apite kwangu na anibembeleze. Utamu huo ulinilevya kuliko pombe, na pombe kwetu Wametodisti hata hatuijui. (Wengine wanaijua, lakini hayo tuyaache.) Nenosiri sikumpa mtu. Mwisho nikahamishia kila kitu, visima vyote themanini, kwenye flashi ndogo, nikaitia uzi na kuivaa kama kidani.

Ndiyo niliyokuwa nayo harusini. Ngoma imekolea, natokwa jasho la furaha, nikamwona Papa Ramazani mlangoni, mwekundu kwa vumbi toka kofia hadi viatu. Amekuja na pikipiki kutoka Kamina, kwa maana simu zilikuwa hazipiti. Mama alidhani ni mgeni wetu, akampa sahani ya bukari, ndio ugali wetu, na samaki wa Mulongo. Akashukuru, akaiweka chini bila kuonja. Nikaacha kucheza, nikamfuata.

"Mutoto," akasema, "mabomba ya maternité ya njia ya Malemba inakatika, inaanguka ndani ya kisima. Kama hatuyue urefu, na fasi mwamba inabana, tutavuta vibaya, kisima itakufa. Bamama ba mimba banateka maji ku mutoni, na bidon ku kichwa. Mukunga anangoja mpaka lundi. Kisha anafunga, anabatuma Kamina na kinga."

Maternité ni nyumba ya kujifungulia, lundi ni Jumatatu, na kinga kwetu ni baiskeli. Fikiria mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa juu ya baiskeli, katika mchanga ule.

"Lakini weye Papa, ile kisima hukuisemaka?" nikamwuliza.

"Wapi! Ulisema ordinateri iko."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga.

Kompyuta iliyokuwa karibu ilikuwa ya mkuu wa shule, rafiki wa bwana harusi, lakini umeme haukuwepo ila wa jenereta ya muziki wetu. Basi jenereta ikabebwa na vijana wanne, muziki ukakatika, na harusi nzima ikatufuata nyuma hadi shuleni, bibi harusi mbele na shela lake. Wakajaa madirishani. Nikachomeka flashi. Majina themanini yakajipanga mbele ya macho ya watu.

"Mchumba Asiye na Meno!" shangazi mmoja akasoma kwa sauti, na dirisha zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilifungua "Jogoo", sicho. "Mvua", sicho. Nikafungua kumi, kumi na tano, bado sicho.

"Iko gani?" Papa Ramazani akauliza.

"Papa, minyi sikumbuke."

Mwanangu, niliona aibu ambayo sijaiona tena. Mimi niliyejiita kichwa cha kampuni, kichwa chenyewe kilikuwa kitupu. Majuto ni mjukuu, nawe unajua mjukuu haji kwa hodi.

Nikaendelea kufungua, picha zikipita, na watu wakaacha kucheka. Walikuwa wameulizana kuna nini, wakaelewa, sasa kila mmoja anakaza macho. Ghafla dirishani mwanamke akapiga ukelele: "Simamisha! Ule iko Mama Banze! Njo mukunga alinizalishaka!"

Kweli alikuwa yeye, mkunga wa maternité ile ile, amesimama kando ya pampu mpya. Faili lenyewe nililiita "Nyingine". Ndani yalikuwamo yote: urefu, mabomba, mahali mwamba unapobana. Nilikuwa nimekwisha kulipita mara mbili.

Papa Ramazani akaandika kwenye karatasi. Kisha akaniambia, taratibu, "Mutoto, minyi sikukasirike. Lakini kisima iko ya bale banakunywa. Sema sasa."

Nikasema mita na mabomba. Akamgeukia mkuu wa shule, naye akarudia. Bwana harusi akataka kujaribu, akakosea, wakamzomea. Mpiga ngoma akaanza kupiga taratibu, na nakwambia ukweli, harusi nzima ikaimba kisima kile: mita arobaini na mbili, mabomba kumi na manne, mwamba kwenye thelathini! Mdogo wangu, bibi harusi, alicheza wimbo huo hadi viatu vikamvuka. Papa Ramazani akarudi kula samaki wake waliokwisha kupoa, akapanda pikipiki, akaondoka.

Jumatatu mabomba yalitoka salama na pampu mpya ikaingia. Nilikuwepo. Maji ya kwanza yalipotoka Mama Banze aliyakinga kwa bakuli akanimwagia kichwani, nywele zangu za harusi zikaharibika, na wajawazito wakacheka wameshika matumbo. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Toka siku hiyo tuliunganisha mambo mawili. Papa Ramazani alirudi kukisema kisima shimoni, nami nilikaa pale pale na kuandika. Faili likabeba jina la kijiji, tarehe na kazi iliyofanyika, basi. Nenosiri walilijua watatu. Kila Ijumaa nilimtajia kisima mtu ambaye hakuwepo kwenye kazi ile, atafute faili lake wakati mimi nachemsha chai. Asipolipata kabla chai haijaiva, kosa ni langu. Papa Ramazani alipofariki, miaka mingi baadaye, tulimlilia yeye, lakini visima vyake hatukuvililia, maana vyote tulikuwa navyo.

Na wewe, mwanangu, uliyeanza kazi ofisini juzi, nakuona. Picha za kazi zimekaa kwenye simu yako, maagizo ya bosi ni sauti za WhatsApp ambazo mwenzako hatazipata, na mafaili yako yanaitwa "mpya", "mpya kabisa", "ya mwisho kweli". Mficha uchi hazai. Andika jina ambalo mgeni atalielewa. Weka kitu mahali wenzako wanapopajua. Na lile usiloweza kuandika, ulilolijua kwa mikono yako, liseme kwa mdomo, tena lirudiwe mpaka uchoke. Usiogope kwamba ukigawa ujuzi watakufukuza. Mimi niligawa wangu wote, wakaniweka hadi nikastaafu.

Mwezi uliopita nikasikia kanisani, baada ya ibada, kwamba pampu ya kijiji kimoja iliharibika, ikatengenezwa kwa siku moja. Nikauliza kwa nini hawakunipigia simu. Msichana aliyeshika kazi yangu ya ukarani akanijibu, "Mama, hatukuwa na lazima. Byote biliandikwa." Nilimkumbatia pale pale mbele ya mchungaji, nikampigia vigelegele, na watu wakadhani nimepewa mjukuu.

Vidye, Mungu wa baba zetu, akupe kazi na wenzako wa kuifanya nao. Akupe kichwa chepesi na mkono mwepesi wa kutoa. Na siku utakapoondoka ofisini, kazi isisimame hata kidogo, nawe ukisikia hivyo, ufurahi mpaka upige vigelegele.