Bi Mwalimu Aliyekaa Dawatini Kwangu

Simu ilinikuta kazini Chake Chake, nimeinamia ramani ya shamba la watu wawili wanaogombania mpaka. Alikuwa mwana wa kiume wa Bi Mwalimu. Hakuzunguka. "Dada, mama katangulia. Tunazika alasiri." Nikaweka kalamu, nikavaa buibui langu, nikaenda kutafuta gari ya kaskazini. Njia nzima sikulia. Nililia tulipofika pale udongo mwekundu unapokwisha na mawe yanapoanza, kwa sababu hapo ndipo unapoanza kuyaona mabati ya skuli yetu. Chini ya mabati yale mtu mzima mwenye akili zake timamu aliwahi kukaa dawatini pamoja na mimi kwa karibu wiki tatu, akakataa kuondoka.

Nikuhadithie vizuri, maana kama hukukulia Pemba miaka ile utadhani natia chumvi.

Kijiji chetu kiko upande wa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe matupu. Muhogo ulipandwa ndani ya vishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Asubuhi bibi yangu alichemsha chai ya mchaichai, akatupa na muhogo wa jana uliopashwa moto kwenye makaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya ganda la muhogo linaloungua nageuka kumtafuta. Bahari ikitoka tulikwenda pwani na mama kufunga mwani kwenye kamba, vidole vikalainika mpaka kushika penseli ikawa taabu. Mchana chuoni kusoma Kurani, jioni kuteka maji. Mlangoni alipita muuza samaki wa baiskeli kutoka Tumbe, akipiga kengele mara tatu, na sisi watoto tukimkimbilia kuona leo kabeba nini.

Kisha vikaja vyama.

Sitavitaja, unavijua. Kijiji karibu kizima kilikuwa upande mmoja. Baba yangu alikuwa upande wa pili, yeye na wenzake wanne au watano. Baba alikuwa bwana mifugo, mtu wa kuchanja ng'ombe, na kabla ya hapo hakuna nyumba aliyopita bila kuambiwa "karibu chai". Kampeni zilipopamba moto watu wakaanza kufunga ng'ombe wao porini ili asiwachanje. Dukani tukaambiwa sukari imekwisha huku tunaiona guniani. Gari ya abiria ikawa imejaa kila siku kwa ajili yetu tu. Kengele ya baiskeli ikapita mlangoni bila kusimama, na bibi, ambaye hakujua chama kilivyo wala kinavyoliwa, alikaa barazani na sahani yake mkononi akiuliza, "Leo hakunisikia?"

Mimi nilikuwa darasa la sita, na huko skuli kutengwa kulichelewa siku chache tu. Tulikuwa tukikaa watatu watatu kwenye madawati marefu yaliyounganishwa na benchi. Asubuhi moja nikaingia nikakuta wenzangu wawili wamehama. Walikuwa wamejibana dawati la pili, watano mahali pa watatu, mmoja nusu yake hewani. Nikakaa peke yangu. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Akaingia Bi Mwalimu.

Nikuambie na yeye alikuwa nani. Kwao ni Gando, kaolewa kwetu na seremala. Mwanamke mnene, mrefu, ushungi wake mweupe haukuwahi kuwa na kunyanzi. Alitufundisha hesabu, na akikufundisha alikuita "bwana mkubwa" au "bibi mkubwa" hata kama una miaka minane. Na yeye alikuwa upande wa kijiji, tena kindakindaki. Kaka yake huko Gando alikuwa amepigwa kwa ajili ya siasa mpaka mkono mmoja haukunyooka tena, na waliompiga walikuwa watu wa upande wa baba yangu. Hilo kila mtu alilijua, na mimi nililijua. Alipoingia siku ile nilitarajia mabaya.

Akaliangalia darasa. "Mbona huko mumejazana kama dagaa pakachani, na huku pako tupu?"

Kisha mvulana mmoja wa mbele akasema, "Mama kanikataza, Mwalimu."

"Kakukataza nini?"

"Kukaa naye."

"Nani mwengine kakatazwa?"

Mikono ikapanda mmoja mmoja. Mwisho ilikuwa karibu yote. Bi Mwalimu hakugomba. Aliitazama mikono ile kwa muda, kama mtu anayesoma, halafu akaweka chaki juu ya meza.

"Haya. Mama zenu ni watu wazima wenzangu, nawaheshimu. Lakini mimi mama yangu yuko Gando, na hajanikataza."

Akaja akakaa kwangu. Benchi likalia. Nikasogea mpaka ukutani, na bado bega lake lilikuwa juu ya bega langu, linanukia udi na chaki. Akafungua daftari langu, akaomba penseli.

"Mpaka atakapokuja mwenye nafasi hii, miye ni mwanafunzi," akasema. "Ubao ule pale. Chaki ile pale. Njooni mtusomeshe."

Walicheka. Walidhani ni mzaha wa siku moja. Mvulana yule wa mbele akenda ubaoni akaanza sehemu, kujumlisha nusu na theluthi, akapata mbili ya tano. Bi Mwalimu akanyoosha mkono kama sisi. "Mwalimu, sikufahamu. Nusu peke yake ni kubwa kuliko hiyo. Imepungua vipi baada ya kuongezwa?" Mvulana akajikuna kichwa. Akaitwa mwengine. Somo zima likaishia hapo, kwenye nusu na theluthi.

Siku ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Waliokuwa hawajawahi kufungua mdomo darasani walijikuta ubaoni jasho linawatoka. Ikawa wanakwenda nyumbani kujitayarisha. Jibu likiwa si sawa hakusema si sawa. Aliuliza tu, kwa adabu, mpaka wenyewe waone.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto anayetengwa hutaka asahauliwe, na Bi Mwalimu alikuwa amenifanya nionekane kutoka kila pembe. Wiki ya pili nikamnong'oneza, "Mwalimu, nipe ruhusa nikae nyumbani. Wewe ukasomeshe."

Hakuinua uso kwenye daftari. "Ukiondoka weye, miye n'takaa na nani?"

Kijiji hakikunyamaza. Wanawake wakamwendea nyumbani kwake. Mama yangu alikuwa kisimani, karibu na nyumba hiyo, akayasikia yote kupitia ua wa makuti, na ndiye aliyenihadithia. Jirani mmoja, mtu mzima, alimwambia Bi Mwalimu, "Kakako kavunjwa mkono na watu wa mzee yule. Leo weye wamkalia mwanawe? Huoni haya?"

"Mtoto hajavunja mkono wa mtu," Bi Mwalimu akajibu. "Na baba yake naye akija skuli kujifunza sehemu, n'takaa naye."

"Basi umeshatuhama."

"Sijahama. Kura yangu muijua na n'taitia pale pale. Lakini darasa langu halipigi kura."

Tangu siku hiyo kengele ya baiskeli ikapita mlangoni kwake pia bila kusimama. Mume wake akarudishiwa mlango aliokuwa ameshaupiga randa, aliyeuagiza hautaki tena. Kila asubuhi Bi Mwalimu alikuja na ushungi uliopigwa pasi, akakaa, akaomba penseli.

Mwishowe aliyekuja ni binti wa fundi cherehani. Hatukuwa marafiki, alikuwa msichana mkali, mwenye sauti ya kukwaruza. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, hatusikizani. Akasimama mbele yetu na mkoba wake kifuani. "Mwalimu," akasema kwa nguvu, "hapo pangu."

Bi Mwalimu akainuka. Hakumsifu, hakutoa hotuba. Alijipangusa kanzu, akenda ubaoni, akafuta, akaandika upya nusu na theluthi. "Sasa tuangalie tulipotea wapi."

Yule binti alipigwa na mama yake jioni ile. Kesho yake alikuja akakaa pale pale, jicho limevimba. Kabla wiki haijaisha dawati letu lilikuwa na watu watatu tena.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Mwisho wa mwaka barua ikaja. Bi Mwalimu kahamishwa, mwisho wa kisiwa upande wa kusini, aende mara moja. Sababu haikuandikwa, lakini kila mtu aliifahamu: kaka yake, na kura yake. Safari hii aliadhibiwa na upande wa baba yangu, ndio ulioshika serikali.

Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akenda Wete kwa miguu na kurudi kwa miguu. Alikwenda kumwona nani, sikuambiwa. Aliporudi hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja, mchana kweupe, kijiji kizima kinaangalia, mpaka nyumbani kwa seremala, na mimi nyuma yake. Alisimama nje ya ua.

"Mwalimu, nimekwenda kukusemea. Nimeshindwa."

"Nimesikia kama umekwenda," Bi Mwalimu akasema. Alikuwa akifunga masufuria kwenye jamvi. "Ahsante kwa kwenda."

Ni maneno hayo tu waliyosemezana tangu vyama vilipokuja mpaka mwisho wa maisha yao. Baba alirudi nyumbani akakaa barazani na bibi, hakula.

Bi Mwalimu alirudi kijijini baada ya kustaafu, mume wake ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mchora ramani, kazi ya sehemu na vipimo, na nilikwenda kumtazama kila mwezi. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki kweli kweli. Tulichoma shelisheli, tukagombana juu ya chumvi, tukasema watu. Simu yake niliyomnunulia aliishika kama yai. Aliniita "mwenzangu wa dawatini". Mara moja nikamshukuru, nikalia kidogo. Akanikunjia uso.

"Nani kakwambia nilikaa kwa ajili yako? Weye ulikuwa huna tatizo, ulikuwa na huzuni tu. Mimi niliwakalia wale wenzako arubaini. Wao ndio waliokuwa wanapotea."

Msibani ndani kulijaa wanawake, wengine wa rika langu, wengine mama zao. Baada ya kusomwa Kurani watu wakaanza kumtaja kwa wema: mpole, mtu wa swala, mwenye usafi. Mama mmoja akasema, "Na hata miaka ile ya siasa, marehemu hakuwa na upande." Wengine wakaitikia, "Kweli, kweli. Hakuwa na upande."

Nilijua wanachokifanya. Walikuwa wanamlaza pazuri, na sisi sote pamoja naye. Kwetu miaka ile haitajwi. Tunapeana mikono, tunaoana, tunazikana, na hakuna anayeuliza nani alimpitia nani mlangoni. Ningeweza kunyamaza.

"Alikuwa na upande," nikasema. "Alikuwa upande wenu, na kaka yake kavunjwa mkono kwa ajili ya upande huo. Akaja akakaa na mimi na upande wake ule ule. Msimpunguze."

Nje kwa wanaume nikasikia kahawa ikimiminwa. Bibi mmoja akanishika goti. "Mwanangu, hayo yameshapita."

"Yameshapita, bibi. Ndiyo maana naweza kuyasema mbele yako."

Nikayasema yote, kama nilivyokusemea wewe. Dawati, mikono iliyopanda, mlango wa seremala uliorudishwa, barua, na baba yangu nje ya ua. Sikutaja jina la mtu. Wengine waliinamisha macho. Mmoja alitoka nje. Nilipomaliza, binti wa fundi cherehani, sasa mama wa watoto sita na sauti yake ile ile, akapaza: "Mwanionea mkidhani nilikuja kwa huruma! Nilikwisha kuchoka na hesabu zetu wenyewe. Nilitaka Mwalimu arudi ubaoni." Wanawake wakacheka msibani, wakaziba midomo kwa kanga, kisha mmoja akaanza kulia, na ikawa ndicho kilio cha kweli cha siku ile.

Bibi yangu hayupo, baba hayupo, na mawe ya kijiji yamejengewa nyumba za matofali. Pembeni ya skuli yetu imejengwa mpya ya ghorofa. Watoto wa siku hizi kila mmoja ana kiti chake, na ukiwahadithia kwamba kengele ya baiskeli iliwahi kumuumiza mtu mzima hawakuelewi. Ni vizuri. Lakini siasa zinarudi kila baada ya miaka, na kila zikirudi naona watu wanaanza kuangaliana pembeni, na nasikia wazee wakisema watoto wasiambiwe.

Mimi nitawaambia. Wangu nimeshawaambia, na wa jirani wakija kuazima kinu nitawakalisha niwaambie. Sina mtu ninayetaka kumshtaki. Ila kulikuwa na mwanamke mmoja Micheweni aliyekuwa na kila sababu ya kunipita, akavuta penseli yangu akakaa, na sikubali afe mara ya pili kwa sababu sisi tunaona haya.